Kabla ya Kuchimba Mtaro: Yajue Yaliyomo Ardhini

Kila mmoja awe na daftari na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano kwa herufi kubwa: MTARO, BOMBA, WAYA, ALAMA, RAMANI. Tutakutana nayo mara kwa mara katika somo la leo, na ningependa kabla ya kufunga redio kila mwanafunzi aweze kuyasoma bila kusaidiwa.

Somo letu ni juu ya kuchimba. Najua wako watakaocheka na kusema, "Sisi watu wa pamba na mtama, tuliolelewa na jembe, leo tufundishwe kuchimba na mtu wa redio?" Sina nia hiyo. Katika kushika jembe ninyi ndio walimu wangu. Nataka tuzungumze habari za vitu vilivyomo chini ya jembe, ambavyo baba zetu hawakuwa navyo.

Tuseme hivi. Kijiji chenu kimekubaliana kuchimba mtaro wa kuleta maji kutoka bomba kubwa mpaka zahanati. Pamba imekwisha kuuzwa, mvua bado, na watu wana nafasi. Jumamosi asubuhi watu mia moja wafika na majembe, sururu, machepe na mitaimbo. Kila kaya yapewa kipande chake cha hatua kumi. Nyimbo zaimbwa, vumbi lapanda, na kazi yaendelea vizuri. Hakuna aliyeuliza kama ardhi ile ni tupu. Saa nne hivi kijana mmoja mwenye nguvu akutana na udongo mgumu, aacha jembe, ashika mtaimbo wa chuma na kuuinua juu ya kichwa chake.

Mtaimbo ule ukishuka utapiga kitu gani? Jadilianeni kwa dakika mbili, nami nitangoja.

Bila shaka wengine mmesema jiwe, wengine mmesema mzizi. Yawezekana. Lakini yawezekana pia kuwa ni bomba la maji la plastiki, au uzi wa simu, au waya wa umeme wenye moto ndani yake. Majibu haya yote yanapatikana leo katika mkoa wetu, na moja kati yao laweza kumwua kijana yule kabla wenzake hawajageuka kumtazama.

Wazee waliomo darasani watakumbuka masomo ya redio ya mwaka 1973 yaliyoitwa "Mtu ni Afya". Karibu watu milioni mbili walikaa katika vikundi kama ninyi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wakati ule mtu aliyechimba nyuma ya nyumba yake hakuwa na hofu ila ya mwamba na mchwa. Leo mambo yamebadilika. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na nguzo za umeme zikafuata njia za vijiji. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012, na Bariadi, iliyokuwa mji wa wilaya katika Mkoa wa Shinyanga, ikawa makao makuu ya mkoa: ofisi zikajengwa, na kila ofisi ilihitaji maji, umeme na simu. Sheria ya Maji ya mwaka 2019 ilileta RUWASA, wakala wa maji vijijini, na mabomba yakazidi kulazwa. Tena uko mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria katika wilaya zetu, ambao Mfuko wa Tabianchi wa Kijani uliuidhinisha mwaka 2017. Maji hayo hayaji kwa ndoo. Yanakuja kwa mabomba yaliyofukiwa, na kila bomba ni mtaro uliochimbwa kisha ukafunikwa. Sisi tunaopita juu yake miaka michache baadaye tunaona majani tu.

Basi tuvitazame vitu hivi kimoja kimoja, maana havifanani, wala hatari zake si sawa.

Bomba la maji ndilo utakalokutana nalo mara nyingi zaidi. Mabomba makubwa huwa ya chuma au ya plastiki nene. Madogo ya kuingia majumbani ni ya plastiki, na mengi ni yale meusi yenye mistari ya buluu ambayo huuzwa yakiwa yamekunjwa duara kama kamba. Kwa desturi fundi hulifukia bomba kiasi cha kufikia goti au nyonga. Lakini usitegemee kipimo hicho. Greda hupita barabarani na kukwangua udongo kila mwaka. Mvua huchimba makorongo. Ng'ombe wakipita njia moja siku zote huishusha. Bomba lililofukiwa mita moja mwaka wa kwanza laweza kuwa kiganja kimoja chini ya ardhi baada ya miaka kumi, na hakuna mtu aliyeligusa.

Tena bomba la plastiki halipendi kwenda mstari mnyofu. Fundi alipokuta jiwe kubwa, na mawe kwetu si haba, alilizunguka. Alipokuta mti wenye kivuli kizuri, mwenye mti alimwomba aupitie mbali. Kwa hiyo ukiona kilula cha maji hapa na kingine pale, usivute kamba kati yao ukasema, "Bomba limepita hapa." Limepita pale lilipopita.

Uzi wa simu ni mwembamba, lakini hasara yake ni kubwa. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009, na tangu hapo nyuzi zake na za makampuni ya simu zimefukiwa kandokando ya barabara nyingi nchini. Ndani yake hamna umeme wa kuua. Mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zinazopitisha mwanga. Uzi huo ukikatwa, mtu anayetaka kutuma fedha kwa simu hatumi, benki husimama, na hospitali hushindwa kupata habari zake. Na ikiwa umeukata, usiinue ncha yake kuichungulia. Mwanga ule huenda usiuone, lakini waweza kuumiza jicho.

Sasa umeme. Katika mkoa wetu umeme mwingi hupita juu, kwenye nguzo, na kwa sababu hiyo watu hudhani chini hakuna kitu. Hapo ndipo penye hatari. Mahali pengine waya hushuka kutoka kwenye nguzo, huingia ardhini, na kutokea kwenye nyumba. Katika mahospitali, shule, viwanda vya kuchambulia pamba na vituo vya mafuta, waya hupita chini kutoka jengo moja hadi jingine. Na mwingine, ambao mimi nauogopa kuliko yote, ni ule waya uliofukiwa na mwenye nyumba mwenyewe. Ana nyumba kubwa yenye umeme. Ajenga jiko, duka au banda la kuku upande wa pili wa ua. Anunua waya, achimba kifereji cha kina cha kiganja, aulaza, afunika, basi. Hakuna ofisi yenye ramani yake. Mwaka unaofuata nyumba yapangishwa kwa mtu mwingine asiyejua habari hizo. Umeme wa nyumbani ni wa volti 230. Usiseme ni mdogo. Watosha kabisa kuua mtu mzima aliyesimama kwenye udongo wenye maji akiwa ameshika chuma.

Mabomba ya gesi na mafuta hayatuhusu sana hapa Simiyu, lakini wengi wenu mna watoto waliokwenda kutafuta kazi ya vibarua Dar es Salaam, na yafaa wajue. Gesi ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na bomba jingine kubwa kutoka Mtwara lilizinduliwa mwaka 2015. Bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola huko Zambia, limekuwako tangu mwaka 1968.

Nataka niwaeleze jambo moja lililotokea Ubelgiji, kwa sababu lina fundisho hata kwa mtu wa bomba la maji. Karibu na mji mdogo wa Ghislenghien lilipita bomba kubwa la gesi, na juu yake palikuwa na kazi za ujenzi. Mashine ililikwaruza bomba lile. Halikutoboka siku ile. Lilibaki na jeraha tu, kazi ikaendelea, na udongo ukalifunika. Baadaye, tarehe 30 Julai 2004, nguvu ya gesi ilipoongezwa ndani ya bomba, pale penye jeraha pakapasuka, na moto ukawaka. Watu 24 walikufa na zaidi ya mia moja wakaumia, na kati ya waliokufa walikuwamo wazima-moto waliofika kusaidia. Basi ukiligusa bomba kwa sururu likabaki zima machoni pako, usilifunike ukanyamaza. Mwambie mwenye bomba aje alitazame. Huenda ukaogopa kukaripiwa au kutozwa fedha. Hata hivyo sema.

Mwalimu wa darasa, simamisha hapa kidogo. Waulize wanafunzi: katika kijiji chetu, ni vitu gani tunavyojua vimefukiwa? Nani alivifukia, na mwaka gani? Andika majibu ubaoni.

Tuendelee. Mtu ambaye hana macho ya kuona ndani ya ardhi atajuaje kilichomo? Kwanza kwa kuuliza, na kuuliza huku kuna taratibu yake. Zipo nchi zilizorahisisha jambo hili. Marekani, tangu mwaka 2007, mtu yeyote anayetaka kuchimba hupiga namba moja tu ya simu, 811, na wenye mabomba na nyaya wote hupelekewa habari. Kisha watu wao huja na kupaka rangi juu ya ardhi: nyekundu kwa umeme, buluu kwa maji ya kunywa, manjano kwa gesi, rangi ya chungwa kwa simu, kijani kwa maji machafu. Mchimbaji hutazama rangi na kujua. Sisi kwetu twatembea ofisi moja moja kwa miguu yetu. Ni kazi, lakini ni kazi ya siku mbili tatu, na yaweza kugawanywa katika kamati.

Kama ni kijijini, anza kwa mwenyekiti wa kitongoji na kile chombo cha jamii kinachotoa huduma ya maji, ambacho wengi bado wakiita kamati ya maji. Kisha ofisi ya RUWASA ya wilaya. Kama ni mjini Bariadi au Maswa, nenda kwa mamlaka ya maji ya mji. Kwa umeme nenda TANESCO, na kwa simu nenda TTCL na makampuni mengine yenye minara karibu nanyi. Na kama mtaro wenu utapita kando ya barabara au kuikata, lazima mpate ruhusa ya mwenye barabara: TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, kama ile ya kutoka Lamadi kupitia Bariadi na Maswa hadi Mwigumbi, TARURA kwa zile za wilaya, mitaa na vijiji. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. Katika mita hizo ndimo wenye mabomba na nyaya wapendamo kupita, kwa kuwa hakuna shamba la mtu wa kulipwa fidia.

Usiende mikono mitupu wala usiulize kwa mdomo tu. Andika barua fupi: sisi ni nani, tunataka kuchimba wapi, kutoka mahali gani mpaka mahali gani, kina gani, siku gani. Omba fundi wao aje mwenyewe kuwaonyesha. Weka nakala ya barua yako, na uombe jibu la maandishi. Ndugu zangu, hapa ndipo mnapoona faida ya miezi mliyokaa katika darasa hili.

Ukimaliza ofisi, rudi kijijini ukaulize watu. Mwulize fundi aliyejenga nyumba. Mwulize mwenye nyumba kama jiko lake lina taa, na umeme wa taa hiyo umepita wapi. Waulize akina mama wachotao maji, maana wao wajua pale panapolowa wakati wa kiangazi bila sababu, na mahali panapolowa kiangazi mara nyingi pana bomba linalovuja. Waulize wazee pia. Huenda katika njia ya mtaro kuna kaburi la zamani lisilo na alama, na hilo lataka heshima yake na mazungumzo na wenye marehemu kabla ya mtu kugusa udongo.

Baada ya kuuliza, tazama. Tembea njia yote ya mtaro polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha urudi. Tafuta nguzo fupi za zege zilizosimama kama mawe ya mpaka. Soma maandishi yake, na kama yameandikwa Kiingereza yanakili herufi kwa herufi umpelekee anayejua. Tafuta vifuniko vya chemba, koki na dira za maji. Tazama kila nguzo ya umeme: je, kuna waya ulioshuka kandokando yake na kuingia ardhini? Tazama mabomba yanayotokeza ukutani. Kila kinachoingia ardhini mahali pamoja hutokea mahali pengine.

Ardhi yenyewe nayo husema, lakini si kila udongo una ulimi mmoja. Katika luseni, udongo wetu wa mchanga wa juu ya miinuko, mtaro wa zamani huacha bonde jembamba, kwa sababu udongo uliorudishwa hushuka taratibu. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, utaliona bonde hilo kwa kivuli chake. Mahali pengine utaona mstari wa majani mabichi kuliko jirani zake. Lakini katika mbuga, ule udongo mweusi wa mabondeni, alama hizi hupotea. Mbuga hulowa ikavimba, hukauka ikapasuka, na udongo wa juu huanguka ndani ya nyufa. Mwaka baada ya mwaka hujilima wenyewe. Mtaro wa juzi waweza kutoweka kabisa. Tena huko kuvimba na kusinyaa huvuta na kusukuma bomba mpaka maungio yake yakalegea. (Mtaalamu mmoja wa udongo, Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani katika miaka ya 1930, alipata sifa duniani kwa kueleza jinsi udongo unavyofuatana kutoka kilimani mpaka bondeni. Wasukuma walikuwa wamekwisha kuupa kila udongo huo jina lake.)

Mtaniuliza: je, hakuna mashine ya kuona? Ipo. Mafundi wa mijini wana chombo chenye sehemu mbili. Moja hutia umeme mdogo katika waya au bomba la chuma, na ya pili, inayobebwa mkononi, husikia sumaku inayotokana na umeme huo. Chombo hicho ni kizuri, ila hakisikii plastiki, kwa maana plastiki haipitishi umeme. Na mabomba yetu mengi ni ya plastiki. Kiko chombo kingine kinachopeleka mawimbi ndani ya ardhi na kungoja yarudi, kama popo anavyosikia ukuta gizani. Hicho chaweza kuona plastiki, lakini udongo wa mfinyanzi wenye unyevu huyameza mawimbi yake, na mbuga ni mfinyanzi mtupu. Kwa hiyo mtu akija na mashine, mpokeeni, lakini shimo la majaribio lazima lichimbwe. Wako pia wanaotembea na vijiti viwili mkononi na kusema vijiti vitawaonyesha. Mimi singeweka uhai wa mtoto wangu juu ya kijiti.

Shimo la majaribio ni jambo dogo. Pale mnapodhani bomba au waya umepita, chimbeni shimo fupi linalokata njia yake, upana wa hatua moja, polepole, kwa mkono. Mkilipata bomba, lipigieni alama: mambo za mti pande zote mbili, na chokaa au majivu juu ya ardhi. Kisha sogeeni mbele hatua kumi mkachimbe jingine, kwa sababu, kama tulivyosema, bomba hupinda. Mashimo matatu au manne yatawapa mstari mnaoweza kuuamini. Mkichimba msikute kitu, msiseme upesi kuwa hakuna kitu. Huenda kiko nusu hatua kushoto au kulia, au chini zaidi.

Sasa nakuja kwenye sururu na mtaimbo, na hapa naomba msikilize sana. Kazi za kujitolea kwetu hufanywa kiangazi, na kiangazi mbuga huwa ngumu kama tofali la kuchoma. Jembe hudunda. Basi mtu mwenye nguvu huchukua chuma chenye ncha kali kuliko vyote, na hukipiga kwa nguvu zote alizo nazo, mahali asipopaona. Ugumu wa ardhi ndio unaomchagulia silaha ya kujiulia. Dawa yake ni maji. Jioni ya siku ya kwanza choteni kishimo cha kina cha kiganja kando ya mahali mnapodhani, upande msiotarajia waya, mjaze maji, muyaache yanywe usiku kucha. Asubuhi udongo utakatika kwa chepe, na mtaondoa tabaka moja baada ya jingine, mkikwangua kuliko kupiga. Lakini kama mnashuku kuna waya wa umeme, msimwage maji wala kuchimba mpaka TANESCO wamefika na kuuzima. Na waya wa mwenye nyumba, azime swichi kubwa ya nyumba, aifunge, na mtu akae pale kuilinda asije mwingine akaiwasha.

Karibu na bomba au waya mliokwisha kuupata, kwa hatua moja kila upande, sururu na mtaimbo ziwekwe kando. Tumieni chepe lenye mpini mkavu wa mti na makali butu. Vaeni viatu. Mkiona utepe wa plastiki wenye rangi kali, au safu ya matofali, au mchanga msafi ambao si wa mahali pale, simameni. Mwenye waya aliviweka juu yake makusudi, ili mchimbaji akutane navyo kwanza. Na greda au mashine ya kuchimbia ikiletwa, isikaribie mstari ule mpaka watu wameufunua kwa mikono.

Juu ya kubomoka kwa mtaro tutakuwa na somo lake wiki nyingine. Kwa leo jueni tu kwamba mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaozidi tani, na mtu asiingie katika mtaro unaompita kifua bila kuta zake kuzuiliwa kwa mbao.

Na ikitokea ajali? Kama chuma kimepiga waya wa umeme, mmesikia mlipuko au mmeona cheche, kila mtu aache alichoshika na kuondoka. Msikimbie kwa hatua ndefu. Nendeni kwa kuburuta miguu, nyayo zikiwa karibu karibu, maana umeme hutawanyika ndani ya ardhi, na hatua ndefu huuruhusu kupanda mguu mmoja na kushuka mwingine. Fikeni mbali kiasi cha hatua kumi na zaidi, mwazuie watoto. Msirudi kuchukua chepe. Umeme uliokatika waweza kurudi. Mwenzenu akiwa amenaswa, najua moyo utawatuma kumvuta. Ndivyo mtu wa pili anavyokufa, na wa tatu. Zimeni umeme kwanza, au wapigieni simu TANESCO wauzime, ndipo mmguse. Ikiwa hapumui, mmoja apeleke habari zahanati, na mwingine amlaze chali na kumkandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu na upesi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Kukiwa na moto, namba ya Zimamoto ni 114.

Bomba la maji likikatika, fungeni koki iliyo karibu na kuwaita wenye bomba. Msilifunge kwa mpira na kufukia. Nguvu ya maji ikishuka, tope na uchafu wa mtaroni hunyonywa ndani ya bomba, na kesho mtoto wa kitongoji cha tatu atayanywa. Mpaka mafundi wamelisafisha, maji ya bomba lile yachemshwe.

Limebaki jambo moja. Ninyi leo mnachimba mtaro wenu, na baada ya miaka kumi kutakuwa na mtu mwingine atakayesimama juu yake ameinua mtaimbo. Mtamwachia nini? Mkiisha kulaza bomba, fukieni kwanza udongo laini usio na mawe. Juu ya bomba la plastiki lazeni waya mwembamba wa shaba, au utepe wenye chuma ndani, ili chombo cha fundi kiweze kuusikia. Na kabla ya kufunika, chukueni vipimo kila mahali bomba linapopinda. Fanyeni hivi: chagueni vitu viwili visivyohama, kwa mfano pembe mbili za jengo la zahanati. Msichague mti, kwa kuwa mti hukatwa, wala mlango wa duka la mtu. Pimeni kwa kamba kutoka pembe ya kwanza hadi penye kona ya bomba; tuseme ni mita 14. Pimeni kutoka pembe ya pili. Tuseme ni mita 9. Andikeni namba zote mbili. Mtu akija miaka kumi baadaye na kamba mbili za urefu huo, akizikutanisha upande wa bomba, atasimama juu yake pasipo kuuliza mtu. Ramani hiyo iwekwe nakala tatu: ofisi ya kijiji, chombo cha maji, na RUWASA wilayani.

Sasa kazi ya wiki hii. Kila kikundi cha wanafunzi watano kichague kilula kimoja au nyumba moja yenye umeme, kwa ruhusa ya wenyewe. Tembeeni, ulizeni, tazameni, bila kuchimba. Kisha chora ramani kwenye karatasi moja: nyumba, barabara, nguzo, koki, na mstari wa bomba au waya. Mahali mnapojua kwa hakika chora mstari mzima. Mahali mnapodhani tu, chora mstari wa nukta nukta. Andikeni majina ya vitu kwa kutumia yale maneno matano yaliyo ubaoni, na pembeni jina la mtu aliyewaambia. Mwalimu atazikusanya ramani Jumatano, na darasa litazilinganisha kuona ni wapi vikundi viwili vimechora bomba moja likipita mahali pawili.